TALAKA NA KARATASI YAKE: IKO WAPI, NA INAOMBWAJE?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu mwanafunzi, katika nyumba nyingi za hapa kwetu Puge, wewe unayesoma ndiye karani wa nyumba. Barua ikija unaitwa wewe, na fomu ikitakiwa kujazwa unaitwa wewe. Kwa hiyo iko siku shangazi yako, dada yako au jirani atakujia na kukuambia: "Mwanangu, mimi niliachwa zamani, lakini ofisini wananitaka nilete karatasi ya talaka. Karatasi hiyo naipata wapi?" Makala haya yameandikwa ili siku hiyo uwe na jibu, inshaallah.

KWA NINI KARATASI?

Tunajifunza katika fiqhi kwamba talaka hupita kwa tamko la mume. Basi wengi wetu hudhani kwamba baada ya tamko hakuna kilichobaki ila eda. Lakini tamko halikai hewani. Mashahidi huhama, husahau na hufa. Kinachobaki baada ya miaka ishirini ni maandishi. Mwenyezi Mungu (s.w.) ametufundisha katika Suratul Baqara, aya ya 282, tuandike deni na tuweke mashahidi. Na katika Suratut Talaq, aya ya 2, tumeamrishwa kushuhudisha watu wawili waadilifu katika mambo haya haya ya kurejeana na kuachana. Ikiwa deni la shilingi linaandikwa, vipi kuhusu jambo linalogusa heshima ya mwanamke, nasaba ya mtoto na mali ya mirathi?

Tuchukue mifano miwili.

Mfano wa kwanza: Mwanamke ameachwa, eda yake imekwisha, na amepata mchumba. Sheikh mwenye leseni ya kufungisha ndoa anapokea taarifa ya kusudio la ndoa, ambayo kisheria hutolewa siku 21 kabla, na anataka kujua kama bibi harusi ni mwanamwali, mjane au mtalaka. Yule mama anasema ni mtalaka, lakini hana ushahidi. Mume wa zamani yuko mbali, na huenda kwa chuki akakana kwamba alimwacha. Sheikh anaogopa kumwozesha mke wa mtu. Mama anabaki si mke wala si mtalaka.

Mfano wa pili: Mume amefariki. Wanakuja wake wawili kwenye kikao cha mirathi, na ndugu wa marehemu wanasema mmoja alikwishaachwa. Hapa linaulizwa swali moja tu: aliachwa lini? Mwanafunzi wa faraidhi anajua kwamba mke aliyepewa talaka rejea, mumewe akafa kabla eda haijaisha, anarithi, na anahamia eda ya kufiwa ya miezi minne na siku kumi. Eda ikiwa ilikwisha, hana urithi kwa njia ya ndoa. Kwa hiyo tarehe moja ndiyo inayoamua haki ya mtu. Bila maandishi, kikao hicho kitakuwa cha kelele na viapo.

Kwa ufupi, karatasi ya talaka inahifadhi tarehe, na katika mlango huu wa fiqhi haki nyingi zinategemea tarehe.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE?

Tanzania Bara tunatumia Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971. Sheria hii inatambua ndoa iliyofungwa Kiislamu kuwa ni ndoa kamili. Lakini inasema kwamba ndoa iliyofungwa hapa nchini, wanandoa wakiwa hai, huvunjwa kwa amri ya mahakama. Bara hakuna mahakama ya kadhi iliyo sehemu ya mahakama za serikali, kama ilivyo Zanzibar na Kenya. Zama za mkoloni, mashauri ya ndoa za Waislamu yalipita kwa maliwali, makadhi na mahakama za wenyeji. Baadaye Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja, na ngazi yake ya chini ni Mahakama ya Mwanzo.

Je, ina maana sheria imeitupa talaka ya Kiislamu? Hapana. Kifungu cha 107(3) kimeweka njia maalumu kwa ndoa za Kiislamu, nayo ina hatua tatu:

1. Wanandoa wanakwenda kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza linaweza kuwa la kata, au chombo cha jumuiya ya waumini kilichoteuliwa na Waziri kwa kazi hiyo. Waislamu wengi huenda kwenye mabaraza yaliyo chini ya BAKWATA. Jambo hili si geni kwetu, kwani Suratun Nisaa, aya ya 35, imeagiza waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke.

2. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo. Hati hiyo ni Fomu Na. 3. Baada ya hapo ndipo linapofanyika lile ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa.

3. Shauri linapelekwa mahakamani pamoja na hati ya Baraza, ambayo isiwe imezidi miezi sita tangu itolewe. Mahakama ikiridhika kwamba ndoa ilikuwa ya Kiislamu, kwamba Baraza lilishindwa kusuluhisha, na kwamba ndoa imevunjwa Kiislamu baada ya hati kutoka, inatoa amri ya talaka bila kudai sababu nyingine.

Angalia mpangilio huu vizuri, maana wengi wanaugeuza. Wanaacha kwanza, kisha baada ya mwaka wanakumbuka Baraza. Aliyekwisha kufanya hivyo asikimbilie kutamka talaka nyingine kwa ajili ya karatasi, kwani kwa fiqhi anaweza kuhesabiwa talaka ya pili. Amuulize sheikh wake, na mahakamani aeleze ukweli. Ipo pia njia ya kawaida iliyo wazi kwa watu wote, ya kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Njia hiyo nayo inaanzia kwenye Baraza.

KARATASI NI NYINGI, SI MOJA

Anayesema "karatasi ya talaka" huenda anakusudia moja kati ya hizi:

a) Barua ya talaka ya mume. Hii ni ile iliyoandikwa nyumbani au mbele ya sheikh. Ni ushahidi muhimu wa tarehe ya tamko, lakini si amri ya mahakama.

b) Hati ya Baraza (Fomu Na. 3). Hii inasema kwamba usuluhishi umeshindikana. Wengi huichukua wakadhani ndiyo talaka. Siyo. Ni ruhusa ya kwenda mahakamani tu.

c) Hukumu. Haya ni maelezo ya hakimu: nani alidai nini, ushahidi ulikuwaje, na mahakama imeamua nini kuhusu ndoa, watoto, matunzo na mali.

d) Amri ya talaka, ambayo wengine huiita tuzo. Ni karatasi fupi inayotaja wadaawa, namba ya shauri, tarehe, na kwamba ndoa imevunjwa. Hii ndiyo ambayo ofisi nyingi huitaka.

e) Mwenendo wa shauri. Ni maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani, na hutakiwa hasa na anayekata rufaa.

f) Cheti cha talaka baada ya kusajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA.

Kabla hujamtuma mama safari ya bure, muulize: ofisi iliyokudai imetaka ipi kati ya hizi?

FUATA MAHAKAMA, USIFUATE MTU

Sasa tufike kwenye kiini cha swali. Jalada la talaka hukaa katika mahakama iliyosikiliza shauri. Halimfuati mke akihama wala mume akihama. Kanuni hii moja ukiishika, umemaliza nusu ya kazi.

Sisi watu wa huku tunahitaji kuijua zaidi kuliko wengine. Nchi yetu ya Unyamwezi ilikuwa kwenye njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Babu zetu walikuwa wapagazi na wafanyabiashara, na Tabora ilikusanya watu wa pwani, Wamanyema na wengine wengi. Mpaka leo jamaa zetu wametawanyika. Mtu amezaliwa Puge, akaolewa Kigoma, akaachwa Mwanza, na sasa amerudi kwa kaka yake. Akiuliza Nzega hataliona jalada lake, na si kwa sababu limepotea. Jalada liko Mwanza.

Kwa waliosikilizwa huku kwetu, mahali pa kuuliza ni hapa:

Mahakama ya Mwanzo. Mashauri mengi ya ndoa za watu wa kawaida huanzia hapa. Lugha yake ni Kiswahili tangu zamani. Uliza mahakama ya eneo ambako wanandoa waliishi au ambako shauri lilifunguliwa.

Mahakama ya Wilaya. Puge iko katika Wilaya ya Nzega, kwa hiyo Mahakama ya Wilaya ni ile ya Nzega mjini.

Mahakama ya Hakimu Mkazi. Kwa mkoa wetu hii iko Tabora mjini.

Mahakama Kuu, Kanda ya Tabora. Kisheria nayo inaweza kusikiliza shauri la ndoa tangu mwanzo, lakini kwa watu wetu hufika zaidi kwa rufaa. Anayepinga uamuzi wa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi katika shauri la ndoa hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Shauri likiwa limepanda kwa rufaa, jalada la chini huitwa juu. Kwa hiyo ukiambiwa Nzega kwamba jalada halipo, uliza: "Je, lilikatiwa rufaa?" Huenda liko Tabora. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana pia bure katika intaneti kwenye TanzLII, tovuti ya Mahakama ya Tanzania. Unatafuta kwa jina la mdaawa, namba ya shauri au mwaka. Lakini uliyoisoma kwenye simu haina muhuri. Itakusaidia kupata namba, kisha nakala iliyothibitishwa unaiomba mahakamani.

NAMNA YA KUOMBA

Kwanza, kusanya habari nne: majina kamili ya wadaawa kama yalivyoandikwa siku ile, jina la mahakama, mwaka, na namba ya shauri. Namba huandikwa mfano "Shauri la Ndoa Na. fulani la mwaka fulani". Katika Mahakama ya Mwanzo baadhi ya mashauri ya ndoa yameandikwa kama shauri la madai, kwa hiyo mwombe karani aangalie pande zote mbili. Jihadhari na majina: aliyefahamika kijijini kama Mama fulani, huenda daftarini ameandikwa jina lake na la baba yake.

Pili, ikiwa namba haijulikani, tafuta hati ya wito, stakabadhi ya ada au karatasi yoyote ya zamani yenye muhuri. Isipopatikana, omba masjala wapekue daftari la mashauri la mwaka huo. Ukitaja mwaka kwa uhakika, karani anapekua daftari moja. Ukisema "zamani kidogo", unampa mzigo wa madaftari kumi.

Tatu, andika barua. Huu ni mfano:

Jina la mwombaji: ..........
S.L.P. ....., Nzega.
Tarehe: ..........

Hakimu Mfawidhi,
Mahakama ya ..........

YAH: MAOMBI YA NAKALA YA HUKUMU NA AMRI YA TALAKA, SHAURI LA NDOA NA. ..... LA MWAKA .....

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi nilikuwa mdai/mdaiwa katika shauri lililotajwa, baina yangu na .........., lililoamuliwa tarehe ........... Naomba kupatiwa nakala iliyothibitishwa ya hukumu na ya amri ya talaka, kwa ajili ya ........... Naambatanisha nakala ya kitambulisho changu. Nipo tayari kulipa ada inayotakiwa.

Wako mtiifu,
Sahihi: ..........

Nne, peleka barua masjala ukiwa na nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo yenye muhuri ni ushahidi wako kwamba uliomba, na ni tarehe gani.

Tano, lipa ada kwa namba ya malipo ya serikali, na uchukue stakabadhi. Usimpe mtu fedha mkononi kwenye baraza la mahakama. Vishoka wapo, nao hujifanya wanajua njia ya mkato. Njia ya mkato hiyo huishia kwenye karatasi ya kughushi, na mwenye karatasi ya kughushi hugeuka kuwa mtuhumiwa.

Sita, kabla hujaondoka soma karatasi yote. Je, majina ni sahihi? Tarehe ya hukumu ipo? Muhuri na sahihi vipo? Kosa la herufi moja ni rahisi kulisemea siku ileile kuliko baada ya miaka mitano.

KUSAJILI KWA RITA

Baada ya amri ya mahakama, talaka husajiliwa kama vile ndoa, vizazi na vifo vinavyosajiliwa. Kazi hii ni ya RITA. Mwenye amri ya talaka aulize RITA utaratibu na viambatisho vinavyotakiwa, na ajiandae na cheti chake cha ndoa. Faida ya kusajili ni kwamba kumbukumbu inakuwa mahali pawili: ikiharibika moja, ya pili ipo.

TALAKA YA MAHALI PENGINE

Walioachana Zanzibar mbele ya kadhi, kumbukumbu yao iko katika Mahakama ya Kadhi iliyohusika, Unguja au Pemba. Kenya nako makadhi ni sehemu ya mahakama za serikali kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, basi aliyeachwa Mombasa aulize mahakama ya kadhi iliyosikiliza. Na jamaa zetu walio Marekani, huko nchi imegawanywa katika majimbo, na jimbo katika wilaya zake. Jalada la talaka kwa kawaida hukaa kwa karani wa mahakama ya wilaya ile ambako talaka ilitolewa. Unaona? Kanuni ni ileile: fuata mahakama.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Swali: Niliachwa kwa mdomo tu, hatukwenda mahakamani. Je, nitapata karatasi?
Jibu: Huwezi kupata nakala ya shauri ambalo halikuwapo. Anzia kwenye Baraza la Usuluhishi, eleza hali yako, kisha fungua shauri. Beba barua ya mume kama ipo, na majina ya mashahidi. Mke naye ana haki ya kufungua shauri, hana lazima ya kumsubiri mume.

Swali: Nimeambiwa jalada limepotea.
Jibu: Omba majibu hayo kwa maandishi. Kisha tafuta nakala kwa mwenzako, kwa wakili au kwenye mahakama ya rufaa. Mahakama inaweza kulijenga upya jalada kutokana na nakala zilizobaki.

Swali: Sina uwezo wa kumlipa wakili.
Jibu: Kuomba nakala hakuhitaji wakili. Kwa ushauri zaidi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Uliza ofisi ya Ustawi wa Jamii wilayani.

Swali: Hukumu yote ina faida gani, nikiwa na amri ya talaka tu?
Jibu: Ndani ya hukumu mna haki zako nyingine, kama matunzo ya watoto na mgawanyo wa mali iliyochumwa pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri linalojulikana kwa jina la Bi Hawa, ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke nazo huhesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Mama wa Puge aliyelima, kupika na kulea asione kwamba hakuchangia kitu.

Swali: Naweza kuomba jalada la mtu mwingine?
Jibu: Asiye mdaawa aeleze sababu yake, kwa mfano mirathi, na mahakama ndiyo itakayoamua. Udadisi si sababu.

ADABU YA MWENYE KUSHIKA KARATASI

Ndugu mwanafunzi, jalada la talaka lina siri za nyumba. Mna maneno ya hasira, ugonjwa, umasikini na aibu za watu. Ukipewa ulisome kwa ajili ya mama asiyejua kusoma, umepewa amana. Msomee yeye peke yake. Usilipige picha ukalituma kwenye simu za watu, wala usilifanye mazungumzo ya barazani. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana na kusengenyana.

Na hata kabla ya hayo, kumbuka kwamba Baraza la Usuluhishi limewekwa mwanzo wa njia kwa makusudi. Wapo waliokwenda kuchukua fomu wakarudi nyumbani wakiwa wawili. Hilo ndilo jema zaidi. Lakini ikiwa hapana budi kuachana, basi waachane kwa wema, na wema huo uandikwe, uwe na tarehe, na uwekwe mahali panapojulikana.

Nenda leo nyumbani ukaulize: cheti cha ndoa cha wazazi kiko wapi? Ikiwa yupo mtalaka katika ukoo, je, karatasi yake ipo? Kama haipo, sasa unajua pa kuanzia.

Wabillahi tawfiq.